Toa hewa kwanza, ndipo ushike bisibisi

Watu wa Busia na Malaba wana sifa moja ambayo hakuna awezaye kuwanyima: hawatupi kitu kwa sababu tu kimeharibika. Tangu miaka ya 1960, baiskeli zilipoanza kuvusha abiria na mizigo baina ya vituo viwili vya mpaka na kuipa Afrika Mashariki neno "boda boda", kandokando ya barabara hizi hapajakosa fundi mwenye beseni la maji, kipande cha mpira, solusheni na spana mbili tatu. Kutoka Mundika hadi langoni pa forodha, redio iliyonyamaza hufunguliwa ikasema tena, pampu ya kunyunyizia dawa hurudishiwa nguvu, na baiskeli ambayo kwingineko ingetupwa huongezewa miaka kumi ya kazi. Huu ni utajiri, na atakayeudharau hajui ni watoto wangapi waliosomeshwa kwa pato la beseni hilo.

Hata hivyo, sifa njema isipowekewa mipaka hugeuka kuwa balaa. Kuna aina moja ya chombo isiyostahili kushikwa kwa mazoea ya redio na baiskeli, nayo ni ile inayofanya kazi kwa hewa iliyoshindiliwa. Mfano wake mkali kuliko yote ni bunduki ya hewa ya aina inayojazwa kabla ya kutumiwa. Bunduki hii si kama ile ya zamani ambayo mpigaji huikunja ili kukaza springi kila anapotaka kupiga. Hii hubeba silinda yake ndogo, hujazwa mara moja, kisha hupiga mara nyingi kwa akiba hiyo. Si chombo cha kila boma, wala sheria haikusudii kiwe hivyo. Lakini hata yule anayekimiliki kihalali, siku kinapokwama, hushikwa na hamu ile ile tuliyorithi sote: kukilaza mezani, kutafuta bisibisi na kuanza kufungua. Safu hii inamsihi asifanye hivyo kabla ya kufahamu ameshika nini.

Na tuanze na hesabu, kwa maana hesabu haina upendeleo. Gurudumu la baiskeli ya mizigo hujazwa hewa ya paundi 50 hivi kwa kila inchi ya mraba. Gari dogo hutosheka na paundi 30 na ushei. Tairi la lori la masafa marefu, kama yale yanayojipanga kwa foleni yakielekea Uganda, huhitaji paundi 100 hadi 120, na kila fundi wa pancha anajua kwamba tairi la namna hiyo likipasuka linaweza kumrusha mtu mzima. Sasa silinda ya bunduki ya hewa hujazwa kwa kawaida hadi bar 200, yaani takriban paundi 2,900 kwa inchi ya mraba, na ziko zinazojazwa hadi bar 250 au 300. Kwa maneno mengine, kile kijisilinda kinachoshikika kwa kiganja kimoja kimefungiwa hewa yenye shinikizo linalozidi la tairi la lori kwa zaidi ya mara 20. Ni kweli kwamba hewa yenyewe si nyingi kama ya tairi. Lakini fundi anapoinama juu yake, uso wake huwa karibu nayo kuliko unavyokuwa karibu na gurudumu lolote.

Hapa ndipo neno "kukwama" linapotudanganya. Jembe lililovunjika mpini limekwisha nguvu. Redio iliyotolewa betri haina tena la kumfanya mtu. Kwa hiyo tumezoea kuamini kwamba kitu kilichokataa kufanya kazi kimekufa, na maiti hamdhuru mtu. Bunduki ya hewa iliyokwama haikufa. Imenyamaza tu, na nguvu zake zote zimo ndani, zikisubiri njia ya kutokea. Wahenga walinena kuwa kimya kingi kina mshindo mkuu. Ukitafuta mahali pa kuutumia msemo huo, hutapata panapoufaa kuliko hapa.

Ili msomaji aelewe hatari ilipo, hana budi kujua chombo hiki hufanyaje kazi. Nyuma ya kasiba mna vali ambayo shinikizo la hewa lenyewe huisaidia kubaki imefungwa. Mtu anapofyatua, nyundo ndogo inayosukumwa na springi huigonga vali hiyo, nayo hufunguka kwa muda mfupi mno. Hewa hupenya na kukisukuma kidonge cha risasi. Kukwama kunaweza kutokea mahali popote katika safari hiyo, na kila mahali pana dalili zake. Mwenye busara husoma dalili kabla ya kutafuta dawa.

Kisa kinachotokea mara nyingi ni cha vidonge viwili. Mpigaji huvuta bolti na kuirudisha, husitasita, husahau kama amekwisha kufanya hivyo, akavuta tena. Magazini huingiza kidonge cha pili nyuma ya cha kwanza, na vyote viwili hubanana mwanzoni mwa kasiba. Kisa cha pili ni cha kidonge kilichoachwa njiani: hewa imepungua, msukumo ukawa hafifu, kidonge kikaingia kasibani kikashindwa kutoka. Cha tatu ni cha magazini yenyewe, ambayo imeingia vumbi, au springi yake imelegea, au imetiwa kidonge kilichobonyea ukingo. Hapo bolti hugoma kwenda mbele. Cha nne hushangaza wengi, kwa kuwa husababishwa na wingi wa hewa wala si uhaba wake. Mtu amejaza kupita kiwango kilichowekwa na kiwanda, vali imebanwa kwa nguvu kiasi kwamba nyundo haiwezi kuifungua. Mwenye bunduki hufyatua, husikia mlio mdogo wa chuma kugonga chuma, na hakuna kinachotoka. Akidhani kwamba hewa imekwisha, huiongezea nyingine. Huko ni sawa na kumwokoa anayezama kwa kummwagia maji.

Katika visa vyote hivyo utaratibu ni mmoja, nao hauruhusu kurukwa hatua. Kwanza, mdomo wa bunduki uelekezwe mahali salama ambapo hapana mtu, mnyama wala ukuta wa jirani, na ubaki hivyo hadi mwisho wa kazi. Kilinda usalama kifungwe, magazini itolewe, watoto waondoke. Pili, geji itazamwe, lakini isiaminiwe kama msahafu, kwa maana geji iliyoharibika inaweza kusoma sifuri huku silinda imejaa. Tatu, hewa itolewe kwa njia iliyoelezwa katika kitabu cha chombo hicho. Bunduki nyingi zina skrubu maalumu ya kazi hiyo, ambayo hufunguliwa polepole, kidogo kidogo, hadi mvumo wa hewa ukome wenyewe. Hata baada ya hapo fundi mwangalifu hukumbuka kwamba bunduki zenye kidhibiti cha shinikizo huweza kubakiza hewa baina ya kidhibiti hicho na vali, ingawa silinda imekwisha kuwa tupu.

Hewa ikishatoka yote, na hapo tu, kidonge kilichokwama kinaweza kusukumwa nje kwa ufito wa shaba au wa mbao unaolingana na kasiba. Waya wa senyenge na msumari si vifaa vya kazi hii, maana hukwaruza mifuo ya ndani na bunduki haitalenga tena. Kama bunduki haina skrubu ya kutolea hewa, na kasiba imezibwa, mwenye nyumba amefika mwisho wa mamlaka yake. Asifyatue kwa matumaini kwamba kidonge cha nyuma kitakisukuma cha mbele. Asiigonge kwa nyundo. Asikaze wala kulegeza skrubu yoyote inayoshika silinda. Aiweke mahali palipofungwa kwa kufuli, kisha amtafute mwenye ujuzi na idhini.

Yako pia makosa matatu ambayo yanatokana na werevu wa kawaida wa fundi wetu, na kwa sababu hiyo yanastahili kutajwa wazi. La kwanza ni mafuta. Fundi akiona kitu kimekaza hukitia mafuta ya injini au grisi, na kwa mnyororo wa baiskeli ni sawa kabisa. Ndani ya hewa yenye shinikizo kubwa mambo ni tofauti. Hewa inaposhindiliwa ghafla hupata joto. Ndiyo kanuni inayowasha injini ya dizeli bila ya cheche. Mafuta ya petroli yakikutana na joto hilo huweza kuwaka ndani ya silinda iliyozibwa. Bunduki hizi hutiwa tone tu la mafuta ya silikoni, tena pale kiwanda kilipoelekeza.

La pili ni oksijeni. Silinda za oksijeni zipo katika karakana za kuunganisha vyuma, na mtu asiyekuwa na pampu ya bunduki anaweza kujiwa na wazo la kwenda kujaziwa huko, kwa kuwa naye fundi wa vyuma ana presha ya kutosha. Wazo hilo ni la mauti. Oksijeni tupu, ikikutana na chembe za mafuta au hata mpira wa oringi chini ya shinikizo kubwa, huwasha moto kwa ukali ambao hewa ya kawaida haiufikii. Bunduki ya hewa hujazwa hewa, safi na kavu, wala si gesi nyingine iliyo karibu.

La tatu ni kupuuza unyevu. Eneo letu lina mvua nyingi, na ziwa haliko mbali. Pampu ya mkono isiyokuwa na kichujio huingiza unyevu huo silindani, na chuma huliwa na kutu kutoka ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Ndiyo maana silinda hizi huandikwa tarehe na kuwekewa muda wa kupimwa upya au kuachwa kabisa. Hata katika mashindano makuu ya ulengaji, ambako bunduki ya hewa ya mita 10 imekuwa mchezo wa Olimpiki tangu mwaka wa 1984, mchezaji mwenyewe ndiye anayewajibika kuhakikisha kwamba muda wa silinda yake haujapita. Ikiwa bingwa wa dunia haruhusiwi kusema "bado inafaa" bila ya kutazama tarehe, sisi tunajipa ruhusa hiyo kwa cheo gani?

Baadhi ya wasomaji watadhani kwamba tunakuza jambo dogo. Na wazingatie historia. Jeshi la Austria lilianza kutumia bunduki ya hewa iliyobuniwa na Bartolomeo Girardoni katika miaka ya 1780. Ilikuwa silaha ya ajabu kwa wakati wake, isiyotoa moshi na yenye kupiga mara nyingi bila ya kujazwa upya. Lakini tangi lake lilihitaji mapigo yapatayo 1,500 ya pampu ya mkono, viungo vyake vilivuja, na askari wa kawaida hakuweza kuitengeneza kambini. Ilihitaji mafundi wa pekee, nao walikuwa haba. Mwanzoni mwa karne ya 19 jeshi hilo liliiacha. Ikiwa dola yenye karakana zake na wahunzi wake ilishindwa na matengenezo ya chombo hiki, si aibu kwa mtu wa Mundika kukiri kwamba meza ya sebuleni haitoshi.

Tunafahamu hoja inayotolewa kila mara panapozungumzwa mambo kama haya. Wananchi huuliza: huyo fundi mwenye ujuzi yuko wapi, na nauli ya kumfikia itatoka wapi? Hoja hiyo ni ya haki na haistahili kubezwa. Mtu hatengenezi nyumbani kwa sababu ya kiburi. Mara nyingi hutengeneza nyumbani kwa kuwa hana pengine pa kwenda. Lakini ufukara haubadilishi tabia ya hewa. Paundi 2,900 ni zile zile kwa tajiri na kwa maskini, na gharama ya jicho moja haijawahi kuwa ndogo kuliko nauli ya kwenda na kurudi Nairobi.

Liko pia suala la sheria, ambalo mpakani huwa na uzito wa namna yake. Wako wanaojifariji kwamba bunduki isiyotumia baruti si silaha. Wanajidanganya. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, katika kuieleza silaha hutazama mtutu na uwezo wa kuua, wala haisemi kwamba lazima pawe na baruti. Sheria hiyo hiyo humtaka mtu afanyaye biashara ya kuuza au kutengeneza silaha awe amesajiliwa kwa kazi hiyo. Kwa hivyo kijana wa karakana anayeletewa bunduki "aiangalie kidogo" anatumbukizwa katika kosa ambalo huenda halijui. Vilevile mtu asidhani kwamba anaweza kuifunga bunduki katika gunia, akapanda boda boda na kuivusha ng'ambo kwa fundi anayesifiwa upande wa Uganda. Kenya na Uganda zote mbili zilitia saini Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004 kuhusu silaha ndogo, na silaha iliyokwama haihesabiwi na askari wa mpakani kuwa si silaha. Mwenye shaka na aiulize Bodi ya Leseni za Silaha au kituo cha polisi kilicho karibu. Kuuliza si ujinga.

Lakini hatuwezi kuishia kwa mwenye bunduki peke yake, kwa kuwa somo hili lina wanafunzi wengi zaidi kando ya barabara. Wanaomiliki bunduki ya hewa ni wachache. Wanaojaza matairi ya malori ni wengi, na baadhi yao bado ni vijana wadogo wanaojifunza kazi. Kituo cha pamoja cha mpaka wa Busia kilifunguliwa rasmi Februari 2018 ili kuharakisha safari. Hata hivyo, foleni za Malaba na Busia hazijasahaulika, hasa zile za mwaka wa 2020 wakati wa ugonjwa wa korona, ambapo malori yalijipanga kwa kilomita nyingi. Palipo na lori pana pancha, na palipo na pancha pana kijana aliyepiga magoti mbele ya ringi iliyoungwa kwa pete ya chuma, kompresa ikinguruma nyuma yake. Pete hiyo isipokaa sawasawa huruka kama kisahani kilichorushwa na jitu. Kinga yake inajulikana duniani kote: kizimba cha vyuma cha kujazia tairi, mpira mrefu wa hewa unaomwezesha fundi kusimama kando wala si mbele, na, juu ya yote, kuitoa hewa yote kabla ya kuligusa gurudumu. Ni kanuni ile ile ya bunduki, iliyobadilishiwa chombo.

Kwa sababu hiyo tunawageukia wenye mamlaka. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inahusu kila mahali pa kazi, pawe pa kudumu au pa muda, na ina vifungu kuhusu matangi ya hewa na silinda za gesi. Sheria hiyo haikutungwa kwa ajili ya viwanda vya Nairobi na Thika pekee. Kibanda cha pancha cha Mundika ni mahali pa kazi. Wakaguzi waje, lakini waje kwanza kama walimu. Mkaguzi anayefika kwa mara ya kwanza akiwa na kitabu cha faini huwafundisha mafundi jambo moja tu, nalo ni kufunga kibanda wamwonapo. Yule anayefika na geji nzuri, akapima kompresa, akaonyesha tangi lililooza kwa kutu na kueleza kwa nini litaua, huyo ataalikwa tena.

Serikali ya Kaunti nayo ina vyuo vya mafunzo ya ufundi chini yake. Si gharama kubwa kuanzisha humo somo fupi la hewa iliyoshindiliwa: namna ya kusoma geji, kutoa shinikizo, kutambua silinda iliyokwisha muda na kuchagua mafuta yanayofaa. Mafundi walio na ujuzi wa miaka mingi bila ya cheti wasaidiwe kufanya mitihani ya Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, ili mwananchi anayetafuta fundi ajue ni nani aliyepimwa. Hapo ndipo tutakapoweza kumwambia mtu asitengeneze nyumbani bila ya kuona haya, kwa kuwa tutakuwa tumemwonyesha mahali pa kwenda.

Nao wenye malori, ambao faida yao hutegemea magoti ya vijana hao, wasijifanye wageni katika shauri hili. Wawaagize madereva wao wasikubali tairi kujazwa mahali pasipo na kizimba, nao mafundi watakuwa na sababu ya kununua kizimba.

Hakuna anayetaka beseni na solusheni vitoweke katika barabara za Busia. Tunachotaka ni kwamba mkono ule ule hodari uongozwe na subira. Anayesubiri hewa itoke hapotezi zaidi ya dakika chache. Asiyesubiri huenda akawaacha wengine wakimsubiri yeye katika ua wa hospitali. Kila mzee wa kazi, anapomkabidhi mwanafunzi wake chombo chenye hewa, na amfundishe kutoa hewa kwanza kabla ya kumfundisha jina la spana.